Nishani, Ujira na Jina: Habari za Watu Walioitumikia Nchi

Katikati ya jiji la Dar es Salaam imesimama sanamu ya shaba ya askari Mwafrika, ameinama kidogo kama mtu anayenyemelea, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Ilizinduliwa mwaka 1927, nayo ni kazi ya mchongaji Mwingereza aliyeitwa James Alexander Stevenson. Watu hupita chini yake kutwa kucha. Wengine huagana kukutana hapo, wengine huuza magazeti kivulini mwake. Lakini ni wachache wasimamao kusoma maneno yaliyoandikwa kwenye jiwe lake kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Maneno hayo, ambayo yasemekana yalitungwa na mshairi Rudyard Kipling, yawataja askari waliopigana, yawataja na wapagazi, ambao yawaita miguu na mikono ya jeshi. Kisha yatoa ahadi ya kwamba jina la mtu aliyekufa akiipigania nchi yake halitasahauliwa na watoto wake. Ahadi ni njema. Illa ukiizunguka sanamu ile pande zote nne hutaona jina la mtu hata mmoja.

Kabla ya sanamu hiyo palikuwa na nyingine mjini humo, iliyosimamishwa na Wadachi kwa heshima ya Hermann von Wissmann, aliyekuwa gavana wao. Juu alisimama bwana mkubwa, na chini miguuni pake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliiondoa. Baadaye ikapelekwa Hamburg, ikasimama mbele ya chuo kikuu mpaka wanafunzi walipoiangusha mwaka 1968. Hivyo askari wetu alipandishwa kutoka chini ya jiwe hata juu yake, na hilo si jambo dogo. Lakini chini hakuwa na jina, na alipopandishwa juu hakupewa jina vilevile.

Mwaka huu chama chetu kikuu cha ushirika chatimiza miaka kumi, na katika sherehe zake zitatolewa, kwa mara ya kwanza, nishani na hati za sifa kwa watu waliokitumikia. Halmashauri imetuomba tuandike machache juu ya desturi hii ya kuwatunuku raia na wapiganaji wa zamani, na jinsi ilivyokuwa katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki. Tumeona haifai kujaza kurasa kwa sifa tupu. Historia ya nishani kwetu ni historia ya madeni pia, na watu wa ushirika, ambao kazi yao ya kila msimu ni kupima, kuandika na kulipa, ndio wapasao kuisoma kwa jicho la mweka hazina.

Na tuanze na hao walioitwa miguu na mikono. Vita Kuu ilipozuka mwezi wa Agosti 1914, majeshi ya Waingereza na ya Wadachi yalikuta katika nchi hizi maadui wawili wasiovaa sare, yaani umbali na mbung'o. Reli zilikuwa chache, barabara za magari karibu hakuna, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa kwa ndorobo kila walikopelekwa. Basi risasi, unga, mahema, dawa na hata vipande vya mizinga vikabebwa na binadamu. Kwa upande wa Waingereza peke yao walioandikwa kuwa wapagazi, wengi wao kwa nguvu, walikuwa yapata watu milioni moja katika muda wa vita ile. Na hesabu ya waliokufa haipungui 95,000. Wengi wa hao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa kwa kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika nusunusu usiku wa mvua kwa kuni mbichi, nao ukamkata matumbo; kesho yake akatwikwa mzigo wake kama kawaida.

Kambi zao zimetuachia jina tunalolitamka kila siku. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zote zatokana na jina la Kiingereza la kikosi hicho cha wapagazi. Hivyo kikosi kizima kina jina mpaka leo, tena jina lenye soko kubwa, lakini watu wake mmoja mmoja hawana.

Ujira nao? Mpagazi aliyerudi hai alilipwa, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Aliyekufa njiani, ujira wake ulikuwa haki ya jamaa zake. Lakini jamaa walio mbali watajuaje ya kwamba mtu wao amekufa, na wapi, na chini ya namba gani? Fedha nyingi hazikudaiwa, zikabaki mikononi mwa serikali. Bwana Oscar Watkins, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa idara ya wapagazi, alijitahidi kuwatetea watu wake baada ya vita, na palikuwa na maombi ya kwamba fedha hizo, kama wenyewe hawapatikani, zitumike kwa manufaa ya Waafrika wa nchi walizotoka. Maombi hayo hayakukubaliwa. Nasi hatuwezi kuacha kutaja jambo moja hapa. Serikali ya Kenya, ambayo ilishindwa kuwatafutia majina wafu wake, iliweza mara baada ya vita, katika miaka ya 1919 na 1920, kuandika majina na alama za vidole za wanaume Waafrika walio hai, ikawavika kipande shingoni ili wasitoroke kazini. Kuandika walijua.

Sasa tuje kwenye nishani zenyewe. Baada ya vita mfalme wa Uingereza aliamuru itolewe nishani ya vita kwa wote waliotumika. Askari alipewa ya fedha. Kwa vikosi vya kazi vya watu wa makoloni, vya Wachina na vya wengineo ilipigwa nishani ya mfano ule ule, sura ya mfalme ile ile, lakini kwa shaba, nazo zilitolewa zipatazo 110,000. Hata shaba hiyo haikuwafikia wote. Watu wa Afrika ya Kusini waliokwenda Ufaransa kufanya kazi za jeshi hawakupewa kitu, kwa kuwa serikali yao ilikataa. Bali wenzao waliotoka Basutoland, Bechuanaland na Swaziland, waliofanya kazi ile ile pamoja nao, walipewa ile ya shaba. Hali kadhalika askari wa King's African Rifles akitenda ushujaa mkubwa alipewa nishani ya ushujaa iliyopigwa mbali kwa ajili ya jeshi lake, isiyokuwa ile ya askari Mwingereza, na mambo yalikaa hivyo mpaka mwaka 1942.

Palikuwa pia na nishani ya fedha ya kuvaliwa shingoni, iliyowekwa baada ya vita kwa ajili ya machifu wa Afrika waliohesabiwa kuwa watumishi wema. Hatusemi kwamba wote walioivaa hawakustahili. Wako machifu waliochimba visima, waliojenga shule na kuwaamua watu kwa haki. Lakini utumishi mwema katika siku zile ulikuwa pamoja na kukusanya kodi na kuleta watu wa kazi walipotakiwa. Ikawa aliyewatoa watu vijijini huenda akavikwa fedha shingoni, na waliotolewa hawakuvikwa hata shaba.

Twaweza kuendelea kutaja madini na daraja zake hata kurasa ziishe. Afadhali tusimulie habari ya mtu mmoja, kwa sababu katika maisha yake nishani, ujira na jina vilikutana vyote vitatu.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, jina lake Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa Msudani, askari mwenye cheo katika jeshi la Wadachi. Vita ilipoanza, baba alikwenda na mwana akamfuata, mtoto wa miaka kumi tu. Akatumika pamoja na askari mpaka Oktoba 1917, alipojeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa huko kusini, mapigano yaliyoua watu wengi sana pande zote mbili, akashikwa na Waingereza kuwa mateka. Vita ilipokwisha alikuwa kijana asiye na mshahara wala serikali, maana ile aliyoitumikia ilikuwa imekwisha ondoka. Akaenda baharini, akatumika katika meli za Kijerumani, na mwaka 1929 akashuka Berlin akiwa na shauri moja kubwa moyoni: kudai mshahara wake na wa baba yake, ambao haukulipwa.

Akajibiwa kwamba amechelewa.

Hakurudi. Alikaa Berlin, akajiita Bayume Mohamed Husen, akafanya kazi ya kuhudumu mezani, akacheza katika filamu zilizohusu Afrika, akaoa mke Mjerumani, na akawa mwalimu msaidizi wa Kiswahili katika chuo cha lugha mjini humo. Msomaji afikiri kidogo juu ya jambo hili. Wajerumani, ambao hawakuwa na koloni tena lakini walikuwa na tamaa ya kurudishiwa, walimlipa kidogo mtoto wa Dar es Salaam ili awafundishe lugha ya Dar es Salaam. Na mshahara wa vita vyao wenyewe wakasema wakati wake umepita.

Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji waliokuwa mstari wa mbele. Ombi lake likakataliwa. Naye akaenda dukani akainunua, akaivaa kifuani katika mikutano na maandamano ya watu wa zamani wa makoloni, pamoja na sare ya kiaskari. Wako watakaosema huo ni ujanja. Sisi twaona ni mtu aliyekatwa mshahara, akakataliwa shukrani, kisha akajilipa mwenyewe sehemu ile ndogo iliyouzwa dukani. Kovu la Mahiwa halikununuliwa dukani.

Mwisho wake ulikuwa mchungu. Serikali ya Hitler ilikuwa imeweka sheria za kutenganisha watu kwa damu na rangi. Mwaka 1941 Husen alikamatwa kwa shitaka la kuwa na uhusiano na mwanamke mzungu, akapelekwa bila hukumu ya mahakama katika kambi ya Sachsenhausen karibu na Berlin, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944, umri wake miaka arobaini. Mwaka 2007, mbele ya nyumba aliyokaa katika barabara ya Brunnenstraße, liliwekwa jiwe dogo lenye bamba la shaba ya njano juu yake, la kadiri ya kiganja cha mkono, kama yanavyowekwa kwa wote waliouawa na utawala ule. Limeandikwa jina lake. Miaka sabini na mitatu baada ya kunyimwa nishani akapewa kipande cha madini, tena kilicho bora kuliko ile ya dukani, kwa kuwa hakiwezi kuvaliwa na mtu mwingine.

Twajua liko swali msomaji atakalouliza. Je, jeshi hilo alilolitumikia halikuwa lile lile lililozima Vita vya Maji Maji katika miaka ya 1905 hata 1907, likachoma mashamba na maghala mpaka watu wa kusini wakafa kwa njaa kwa maelfu mengi? Ndilo. Wala mtu asidhani kwamba kwa kuwataja askari tunalisifu bunduki lao. Wazee wa Songea na Kilwa wana haki ya kulitazama jambo hili kwa jicho jingine. Lakini sifa na deni ni vitu viwili. Sifa hutolewa na anayependezwa. Deni hulipwa na aliyekopa, apendezwe asipendezwe. Na serikali iliyomwandika mtu kazini haiwezi kujificha nyuma ya ubaya wa kazi yake yenyewe ili isimlipe.

Hata hivyo Wajerumani walirudi siku moja kulipa, na habari hiyo huzungumzwa sana, nasi twaileta kama inavyosimuliwa. Mwaka 1964, mwaka alioufia jemadari wao wa zamani Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani ya Magharibi lilikubali walipwe askari wazee waliobaki hai. Ikafunguliwa ofisi ya muda Mwanza, wakaja wazee wapatao 350. Wachache tu walikuwa na vyeti walivyopewa mwaka 1918. Wengine walileta vipande vya sare kuukuu, na wengine walikuja mikono mitupu. Mweka fedha akatatizika, maana fedha haitoki bila ushahidi. Ndipo alipopata akili: kila mzee akapewa ufagio, akaamriwa kwa Kijerumani kutenda kwa ufagio ule mazoezi ya bunduki. Husemwa hakushindwa hata mmoja. Kisa hiki huwachekesha watu, na kweli chachekesha. Lakini tukikitazama vizuri twaona wazee wa miaka sabini na zaidi wakisimama wima mbele ya meza, na fagio mabegani, ili wasadikiwe. Kwa kuwa cheti cha karatasi kilikuwa kimeliwa na mchwa miaka mingi, na ofisi iliyowaandika haikutunza daftari lake.

Juu ya vita ya pili, ya 1939 hata 1945, tutasema kwa ufupi. Askari wetu walikwenda Uhabeshi, Bukini na Burma, wakarudi na nyota za shaba na riboni za rangi ambazo wajukuu wengi bado wanazo katika masanduku. Safari hii nishani za vita zilikuwa moja kwa wote. Tofauti ilikuwa katika kiinua mgongo. Hati za serikali ya Uingereza zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kwamba malipo ya kuagwa yalipangwa kwa rangi, na kwamba Mzungu aliweza kupewa hata mara tatu ya alichopewa Mwafrika wa cheo kile kile. Tofauti iliyokuwa ikionekana kifuani ikahamia mfukoni, mahali isipoonekana.

Wako waliorudi wakaona hivyo na hawakunyamaza. Waruhiu Itote alikuwa koplo wa King's African Rifles huko Burma; miaka michache baadaye akaitwa Jenerali China katika misitu ya Mlima Kenya, akipigana na ufalme ule ule uliomvisha sare. Wapiganaji hao wa Mau Mau walingoja heshima muda mrefu kuliko wote. Uhuru wa Kenya ulipatikana mwaka 1963, lakini sheria ya kikoloni iliyoupiga marufuku umoja wao ilikaa vitabuni mpaka mwaka 2003. Maana yake, kwa miaka arobaini ya uhuru, mzee aliyepigania uhuru alikuwa mbele ya sheria ni mtu wa chama haramu. Dedan Kimathi, aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957, alisimamishiwa sanamu Nairobi tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2007. Mwezi wa Juni 2013 serikali ya Uingereza ilikiri mbele ya bunge lake mateso yaliyotendwa, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228, na kugharimia ukumbusho uliofunguliwa katika bustani ya Uhuru Park mwaka 2015. Ukigawanya fedha hizo utaona si nyingi. Lakini wazee wale walihesabiwa mmoja mmoja: si elfu tano na ushei, bali 5,228. Watu wa mizani wataelewa kwa nini twaisifu hesabu hiyo.

Na wale wapagazi wa 1914? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa juu ya mwenendo wake yenyewe, na ni nadra kuona shirika likijichunguza kwa ukali namna hiyo. Ilikiri ya kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina, au hawakukumbukwa kabisa. Haikuwa bahati mbaya. Yalikuwa maazimio ya wakubwa wa siku zile kwamba Mwafrika hahitaji kaburi lenye jina. Gavana wa Gold Coast alisema mwaka 1923 kwamba mwenyeji wa kawaida wa koloni lake hangeelewa wala kuthamini jiwe la kaburi. Twashangaa alimwuliza nani. Hakuna kabila tulijualo katika Afrika lisilojua babu yake amelala wapi, na wako watu waliohama na mifugo yao yote wakarudi kila mwaka kufagia kaburi moja. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni mwezi wa Aprili mwaka ule ule, na Tume imeanza kuyatafuta majina katika nyaraka zilizobaki, zikiwamo zile za Kenya. Mwezi wa Januari 2025 ulifunguliwa mjini Cape Town ukumbusho wa watu weusi wa Afrika ya Kusini waliokufa katika kazi za jeshi zisizo za silaha katika vita ile. Ni nguzo za mti mgumu, moja kwa kila mtu, zaidi ya 1,700, na kila nguzo ina jina.

Katika Tanzania, Siku ya Mashujaa huadhimishwa tarehe 25 Julai. Viongozi na wazee huweka mkuki na ngao, sime, shoka, upinde na mishale kwenye mnara, na hapo twaona jambo zuri, kwamba silaha za babu zetu zimepewa nafasi pamoja na shada la maua la mabalozi. Waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979 wana makaburi yao Kaboya, wilayani Muleba, nao wakumbukwa kila mwaka. Walikuwamo katika vita ile wanamgambo wengi, wakulima waliotoka shambani na kurudi shambani, wanachama wa vyama kama chetu. Kwa utumishi wa amani ziko nishani za taifa, na ya kwanza kutajwa ni ile ya Mwenge wa Uhuru, ikumbushayo mwenge uliopandishwa na Luteni Alexander Nyirenda kileleni Kilimanjaro usiku wa uhuru, Desemba 1961. Rais huzitoa katika siku kuu za taifa kwa viongozi, askari, wataalamu na raia wengine. Twapenda siku moja tusikie majina ya wauguzi wa zahanati za mbali yakisomwa kwa wingi katika orodha hiyo.

Hayo ndiyo yaliyokuwa mbele ya halmashauri yetu ilipokaa kuamua nani atunukiwe katika mwaka huu wa kumi. Rai zilikuwa mbili. Wengine walisema watunukiwe wenyeviti, makatibu na mameneja, kwa kuwa nishani ikienea sana hupoteza thamani. Wengine wakasema thamani ya nishani haipungui kwa kupewa mtu aliyeistahili. Na kwamba gunia halikuwahi kufika ghalani kwa sahihi ya mwenyekiti peke yake. Mazungumzo yalikuwa marefu, na maneno mengine yalikuwa makali. Ndipo mweka hazina alipofungua daftari na kuonyesha kwamba yako malipo ya pili ya wakulima marehemu ambayo hayajachukuliwa na mtu, mengine tangu msimu wetu wa kwanza. Jamaa zao hawakuarifiwa, au waliarifiwa kwa tangazo lililobandikwa ukutani mahali wasipopita. Kikao kikanyamaza. Hapakuwa na aliyetaka chama chetu kifananishwe na serikali ile iliyokaa na ujira wa wafu.

Imeamuliwa, basi, kwamba malipo hayo yatolewe kabla ya siku ya nishani, wala si baada yake. Imeamuliwa pia kwamba watunukiwe bila ubaguzi wa cheo wapima mizani, makarani, walinzi wa maghala, madereva, wachukuzi wa magunia na wanachama waanzilishi, pamoja na wazee wetu waliotumika jeshini na mgamboni kisha wakarudi kulima nasi. Nishani ni ya namna moja tu, na nyuma yake limechongwa jina la mwenyewe.

Majina yote yamechapishwa katika kurasa zifuatazo, yamepangwa kwa vyama vya msingi, na ya marehemu yametiwa nyota. Warithi wa wenye nyota waje katika ofisi kuu pamoja na barua ya chama chao cha msingi. Asiye na barua aje na wazee wawili wanaomjua marehemu, nao watasikilizwa. Atakayeona jina limeandikwa vibaya, hata kwa herufi moja, amwarifu karani kabla nishani hazijapelekwa kuchongwa.